Muchanga Chini ya Gilasi

Asubuhi ile ziwa Mweru halikuwa na mupaka. Maji na mbingu vilikuwa weupe mumoja tu, na mitumbwi inayotoka Kilwa, ng'ambo ya Kongo, ilikuwa kama inaning'inia hewani. Mbele ya nyumba yangu chisense, visamaki vyembamba kama sindano, vilitandazwa juu ya muchanga, vinametameta mpaka macho yanalegea. Vikikauka navitwanga, nachanganya na pumba za mahindi, nafunga mifuko. Chakula changu cha kuku kinajulikana toka Nchelenge mpaka Chienge. Sijisifu, nasema vile iko.

Lakini kuku za wamama majirani zilikuwa zimeacha kutaga, na midomo ikaanza: ni chakula cha yule bibi muzee. Basi nikamwita mujukulu wangu, binti aliyesomea mifugo, aje akipime. Na wale wamama nikawaita, waone kwa macho yao, wanyamaze.

Akaja na bomba la chuma lenye ncha. Nilikuwa nimemwekea chisense safi kwenye sahani, nimezichagua moja moja, kama vile mutu anamwekea mugeni.

"Kambo, bibi yangu, hii ni ya kukula sisi," akasema. "Kuku haziioni hata siku moja. Mi nataka ya ndani ya mufuko."

Wamama wakaangua kicheko. "Leo umeshikwa, mama!"

Akachoma bomba toka juu mpaka chini, mufuko kwa mufuko, akamwaga chakula kilichoingia ndani yake kwenye beseni, akachanganya. Kiasi akafunga kwenye plastiki, kiende maabara. Vijiko kadhaa akavitia kwenye gilasi ya maji, akakoroga, akaiacha itulie.

Pumba zikapanda juu. Unga wa samaki ukazunguka polepole, kama ukungu unaotembea juu ya ziwa. Nikasahau watu wote. Nilijiona kitoto tena, nimezama, nimefungua macho chini ya maji, na mwanga unashuka juu yangu bila haraka. Halafu chini ya gilasi kikajikusanya kitu cheupe, kinene kama kidole. Nilikijua. Kila siku nakikanyaga nikitoka mulangoni.

"Kambo," akasema, ananitazama machoni, "kuku zinashiba muchanga. Hiki chakula hakina nguvu."

Mukono wangu ulitaka kumuzaba kofi. Lakini kilichonijaa kifuani kilikuwa fahari, haikuwa hasira. Mutu mwingine angenidanganya ili nifurahi.

"Mumemusikia?" nikawaambia wamama. "Huyu ametoka tumboni mwa binti yangu. Rudisheni mifuko yote muliyonunua kwangu."

"Na kuku zetu zile nini, mama?"

"Zile panzi! Njooni munisaidie hapa."

Tukafunga nyavu kuukuu juu ya vijiti, tukaokota chisense zote toka chini, tukazipepeta, tukazitandaza pale juu, zisiguse muchanga tena. Upepo wa ziwa ukawa unapita chini yake, na nyavu zikayumba kidogo, kama zinapumua.