Usimwage Tabaka la Chini

Nakumbuka siku moja kwenye maabara yetu hapa Kitengela, mwanangu. Ukicheka kwamba msichana wa kidato cha nne anakuita mwanangu, cheka tu. Wewe ndiye utakayerithi stuli yangu katika klabu ya sayansi. Wanasema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi sijaishi kwingi, lakini kwa ile meza nimeona.

Kesho yake mimi na Lemayian, mwenzangu wa klabu, tulikuwa twende Kajiado, kwenye maonyesho ya shule, kuonyesha jinsi kafeini inavyotolewa kwa majani ya chai. Tulichemsha chai na magadi, ile ya huku kwetu, ili rangi na ukakasi vibaki kwenye maji. Ilipopoa tukaimimina kwenye faneli ya kutenganishia, kioo chenye umbo la peya na koki chini. Tukaongeza dikloromethani, dawa inayovuta kafeini na kukataa kuchanganyika na maji. Chupa ilikuwa moja tu, ya kuombwa, na tuliimaliza. Ikiharibika, safari imekufa.

Lemayian aliipindua faneli polepole, akifungua koki kutoa gesi. "Nikiitikisa kama kibuyu ya maziwa ya mama, itatoa povu mpaka Kajiado."

Tukangoja. Matabaka mawili yakajitenga: juu kahawia nzito, chini kitu angavu kama maji.

"Hiyo ya chini ni maji tu. Namwaga."

Nilikuwa nimesoma kwamba dawa ile ni nzito kuliko maji. "Una uhakika?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Nyambura, wewe maziwa unanunua ya paketi. Kwetu kitu ya maana, malai, hukaa juu."

Utabishana vipi na mtu aliyekulia zizini? Mkono wake ulipofika kwa koki, nilisukuma tu bika, lile kopo la kioo la maabara, chini yake.

"Ya nini sasa?"

"Ni... nitaiosha mimi."

Madam Rahab, mwalimu wetu wa kemia, alitukuta hapo, tabaka la chini likiwa limeshaingia ndani ya bika. Akadondosha tone la maji ndani ya bika. Likaelea juu, likakataa kuingia.

"Hii si maji. Kafeini yenu iko hapa. Nani aliweka bika?"

Nikainua mkono nusu. Lemayian akaanguka kwenye stuli. "Woi! Nilikuwa namwaga Kajiado yote kwa sinki!"

"Wewe umezoea maziwa," Madam akamwambia. "Hapa uliza uzito kwanza." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mkono umesema. Mdomo ulikuwa wapi? Siku nyingine bika itakuwa mbali."

Dawa ilipokwisha kuvukizwa, ukabaki unga mweupe, kidogo kama chumvi ya kubana kwa vidole. Nilipumua mpaka miwani ikashika ukungu. Kajiado tulienda, na Lemayian alimweleza kila mtu habari ya bika, hata wasiouliza.

Basi mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Weka matabaka yote mawili mpaka ujue lipi ni lipi, hata kama moja linafanana na maji ya bure. Na ukijua jambo, liseme. Sauti inayotetemeka husikika pia. Mungu akupe mkono mpole kwenye koki, rafiki wa kukutania bila kukuchukia, na kila ulichokaribia kumwaga ukikute kimekingwa.