Rimoti Iliyojaa Mchanga

Kwanza tuelewane. Mimi si mtu wa kuona vitu. Umri wangu wote sijapandwa na pepo, sijaenda kwa mganga, na mtu akinijia na habari za majini humwambia akanywe maji alale. Kazi yangu ni kutengeneza rimoti za gari, zile funguo za kubonyeza, kazi ya betri na spiriti na nyaya. Kwa hivyo ninapokwambia haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, sikuwa na homa wala sikuwa nimesinzia, niamini. Ukitaka kucheka cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Kibanda changu kiko Likoni, kando ya njia ya kuteremkia Shelly Beach. Pande zile fundi wa funguo mwanamke ni mimi tu, na wateja wageni bado wanakuja wakiuliza, "Fundi yuko wapi?" Nami huwajibu, "Unamtazama." Nimeshazoea.

Basi siku hiyo ilikuwa Ijumaa adhuhuri. Unajua mtaa unavyokuwa saa hiyo. Wanaume wote wako msikitini, maduka yamerudishwa milango, husikii kitu ila hotuba kwenye kipaza sauti. Mimi hubaki kibandani. Nilikuwa nimetoka kunyunyiza maji pale mbele kutuliza vumbi, kama nifanyavyo kila mchana, nikarudi kuketi. Kuinua macho, mwanamume amesimama mbele ya meza.

Kanzu nyeupe, kichwa wazi, umri wa miaka arobaini na kitu. Alitoa salamu vizuri, nikaitikia. Nikamwambia, "Kaka, swala itakupita."

"Yangu imeshaswaliwa," akasema.

Nikamwona ana maneno ya ajabu, lakini wateja wangu wangapi hawana maneno ya ajabu? Tena alikuwa akinukia karafuu maiti, nikajua ametoka mazikoni. Nikampa pole moyoni, nikanyoosha mkono.

Rimoti aliyonipa ilikuwa baridi kama imetoka kwenye jokofu. Ilikuwa imefungwa kitambaa chekundu cha leso iliyochanika. Nikaifungua. Wallahi, ilikuwa imejaa mchanga, ule mchanga mweupe wa chini wenye unyevu, na katikati yake uzi wa pamba.

"Hii uliiangusha baharini?" nikamwuliza.

"Sikuiangusha mimi."

Basi nikafanya kazi yangu. Nikapiga brashi, nikaosha kwa spiriti, nikakausha, nikatia betri mpya. Nikabonyeza, taa ikawaka. Nikamwambia rimoti ni nzima, aende akaijaribu kwenye gari lake.

Akatikisa kichwa. "Gari limeukataa ufunguo huu. Ulifutwa."

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sipendi mteja kunifundisha kazi. Nikauweka ufunguo kwenye mashine yangu ya kusomea namba, ili nimwonyeshe kwamba hajui asemalo. Namba ikatokea. Nina daftari ambalo huandika kila ufunguo nilioutengeneza na kila niliouondoa kwenye gari. Nikapekua nyuma, miezi miwili. Namba ile ile ilikuwa pale, kwa mwandiko wangu. Aliyeufuta ni mimi.

Ngoja nikueleze. Miezi miwili kabla ya hapo alikuja mtu kwa jina Hamadi, gari jeupe linavutwa kwa kamba nyuma ya pikapu. Macho mekundu, sauti haitoki. Akasema amefiwa na kaka yake, ufunguo umepotea siku ya maziko, anataka mpya. Magari haya ya mitumba ya Japani mengi huja na ufunguo mmoja tu, kwa hivyo sikushangaa. Sheria yangu ni kwamba sitengenezi ufunguo bila kuona logbuku, ile hati ya umiliki, na kitambulisho cha mwenye gari. Nilimwuliza. Akasema logbuku iko ndani kwa mjane, naye yuko eda, hawezi kwenda kumsumbua kwa makaratasi. Wewe ungefanyaje? Utamkazania mtu ambaye hata tanga la kaka yake halijasahaulika? Niliona haya. Nikamtengenezea. Na mashine ikifundisha gari ufunguo mpya, gari husahau kila ufunguo ambao haupo kando ya mashine.

Nilipoinua uso kutoka kwenye daftari nilikuwa nimejaa aibu. Yule bwana alikuwa bado amesimama pale pale, ananitazama kwa upole mno, na upole huo ulinichoma kuliko kama angenitukana.

"Sikulaumu," akasema. "Ulimwonea huruma mfiwa. Lakini gari ni la mke wangu. Aliuza bangili zake za harusi tukalinunua, na ndilo atakalolelea watoto. Lifundishe gari ufunguo huu tena, umpe yeye mkononi. Anaitwa Mwanaisha, nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya kisima."

"Na mbona asije mwenyewe?"

"Yuko eda."

Nikainamia ule ufunguo mkononi mwangu. Mwanamke hukaa eda ya mumewe, sivyo? Na mume huyu hapa anazungumza nami. Maneno yale yalichukua muda kunifika. Nikainua kichwa. Hakuna mtu. Nikatoka nje mbio. Ile ardhi niliyoinyunyiza maji ilikuwa bado mbichi, na juu yake zilikuwa nyayo za ndara zangu tu, za kwenda na kurudi.

Nililia. Sikulia kwa hofu, nakwambia ukweli. Nililia kwa sababu mtu yule ametoka huko alikotoka, na jambo alilolijia ni mkewe asidhulumiwe.

Alasiri ile ile nikaenda kwenye mlango wa kijani. Wanawake huruhusiwa kumzuru mwenye eda. Nilimkuta Bi Mwanaisha chumbani, amevaa nyeupe, watoto wawili wamemlalia mapajani. Nilimwekea rimoti mkononi. Alishika kile kitambaa chekundu, akakigeuzageuza.

"Leso hii niliichana mimi, nikaufungia ufunguo usipotee," akasema polepole. "Dada, ufunguo huu umezikwa."

Akanieleza. Siku ya maziko Hamadi ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea kaka yake na kumlaza mwanandani, ubavuni mwa kaburi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shati la Hamadi, akainama, ukaanguka. Walikuja kuukumbuka wakati wameshafukia, na wazee wakasema kaburi halifukuliwi kwa ajili ya ufunguo. Baadaye Hamadi akalivuta gari, akasema analipeleka kwa fundi, na halikurudi tena. Sasa lilikuwa Changamwe likibeba wasafiri wa uwanja wa ndege, na habari zilizomfikia ni kwamba Jumatatu linauzwa.

"Wazee wanasema nisubiri eda iishe," akasema. "Ikiisha, gari nitaliona wapi?"

Nikamwomba radhi, nikamwambia kosa ni langu. Akaniuliza ufunguo nimeupata wapi. Nikamwambia. Aliufunika uso kwa mtandio, kisha akauliza neno moja tu: "Alikuwa mzima?" Nikamjibu kwamba alikuwa mtulivu. Akanirudishia ufunguo niufundishe gari, akaniletea logbuku kutoka sandukuni. Jina lililoandikwa lilikuwa lake.

Jumamosi asubuhi nilimpigia Hamadi simu. Nikamwambia, ufunguo niliokutengenezea una kasoro, gari litakuzimikia barabarani, lilete nimalize kazi yangu, sitaki malipo. Nilimdanganya, ndiyo, na sijutii. Alikuja upesi, maana nani atanunua gari linalozimika?

Nikaingia ndani ya gari na mashine yangu. Kando yake safari hii niliuweka ufunguo mmoja tu, ule wa mchanga. Nilipomaliza nikamwambia ajaribu wake. Akabonyeza. Gari kimya. Akabonyeza tena, akanisogelea kwa hasira. Hapo nikatoa rimoti yenye kitambaa chekundu, nikabonyeza, na milango yote minne ikafunguka.

Hamadi aliitazama ile rimoti. Alikuwa anaijua. Ndiye aliyeiangusha, ndiye aliyejua iko wapi, chini ya kina gani cha mchanga, pembeni mwa nani.

"Umeitoa wapi?" akauliza, na sauti haikuwa yake.

"Kaileta mwenyewe jana, wakati wa Ijumaa. Kasema gari ni la mkewe."

Alikaa kwenye benchi langu. Sikumsema zaidi. Naye alikuwa amefiwa na kaka, na nadhani tamaa ilimwingia kwenye ule uchungu akashindwa kuitoa. Mwisho akaweka ufunguo wake mezani, akaondoka kwa miguu bila kuaga. Gari nikalipeleka mimi mpaka kwenye mlango wa kijani.

Eda imeisha siku nyingi. Siku hizi Bi Mwanaisha huliendesha mwenyewe, hupeleka watoto wa shule na kuwarudisha, na akipita kibandani hunipigia honi. Mimi ndiye niliyebaki na alama. Vile vidole viwili nilivyoshikia rimoti, kila Ijumaa adhuhuri huwa baridi, hata jua liwe kali vipi, nami huvizungusha kwenye kikombe cha chai mpaka watu watoke msikitini.

Logbuku naomba kwa kila mtu sasa, awe analia asiwe analia. Ukija kwangu bila hiyo usinikasirikie, rudi kaichukue. Na wewe unayenisikiliza, ikiwa una kitu cha mjane au cha yatima mfukoni mwako, ufunguo, karatasi, chochote, kipeleke leo. Mimi nilijiwa kwa upole, kwa kuwa nilikosa bila kujua. Wewe unajua.