Mdagu wa Kuibwa

Shangazi yangu, fundi cherehani, hakuwahi kumpa mtu mche kutoka kwenye bustani yake. Si kwamba alikuwa mchoyo. Aliamini tu kwamba mche wa kupewa hukua kwa uvivu, kwa sababu aliyeupokea hakuhangaika. Ule wa kuibwa ndio unaoshika mizizi upesi, maana mwizi huulea kwa hofu. Kwa hiyo jirani akiusifu mshubiri, shangazi alimjibu, "Ahsante. Mimi saa tano huwa naenda dukani kununua uzi." Jirani mwerevu alielewa. Asiyeelewa alirudi kwake mikono mitupu.

Bustani yenyewe ilikuwa uwanja wa nyumba ya kupanga, hatua kumi na mbili kwa tisa, mbele ya dirisha la chumba chake cha kushonea. Hapakuwa na waridi wala nyasi za kukatwa. Alipanda mimea ya porini, ile aliyoikuta ikijiotea kando ya njia na kwenye vilima vya mawe: mishubiri, katani mwitu yenye majani kama mikuki, na vijimea vya majani manene ambavyo kila jani likidondoka huzaa vitoto pembeni. Yote ilikaa katika masufuria yaliyotoboka na ndoo zilizopasuka. Katikati, ardhini, ulisimama mdagu wake: mti mfupi wenye shina lililovimba chini kama mtungi, usio na haraka na jambo lolote. Hakuandika majina popote. Tawi likikomaa kiasi cha kukatwa, alilifunga kipande cha kitambaa chochote kilichokuwa mezani wiki hiyo.

Masika yalipokuwa yanaelekea ukingoni, mwenye nyumba alikuja. Sisi wapangaji tulimwita Bwana Saruji, ingawa si mbele yake, kwa sababu kila alipoona udongo alitamani kuufunika.

"Fundi, haya magugu yako yananiharibia nyumba," alisema. "Watu wenye magari hawapangi hapa. Wataegesha wapi?"

"Gugu ni lile linalokuja bila kualikwa, mzee. Haya niliyafuata mwenyewe, na mengine niliyabeba kichwani."

"Vyovyote. Kiangazi naleta fundi mwashi. Uwanja wote zege. Ukipenda, utaweka chungu kimoja mlangoni."

Alisema "chungu kimoja" kama mtu anayetoa zawadi. Shangazi hakubisha. Alikuwa amekaa katika nyumba ile miaka kumi na tisa, na mdagu ulikuwa na umri huohuo. Mizizi yake haingeng'olewa bila mti kufa. Mchana ule alishona mkono wa gauni ndani nje, akaufumua, akaushona tena vilevile.

Kipupwe kilipoingia, mdagu ulipukutisha majani yote, kisha ukachanua. Ulibaki mti mtupu wenye maua ya rangi ya waridi, kama mtu aliyesahau nguo akakumbuka kofia. Bwana Saruji alikuwa akipita njiani akasimama kwenye uzio. Kesho yake akapita tena, safari hii bila sababu yoyote, kwa kuwa njia ile haiendi kokote isipokuwa kwetu.

Shangazi alimwona. Mezani palikuwa na suruali ya Bwana Saruji, ya kahawia yenye mistari myembamba, aliyoileta ipanuliwe kiuno kwa mara ya pili mwaka ule. Shangazi alikata kipande kidogo kwenye upindo wa ndani, akatoka, akakifunga kwenye tawi zuri kuliko yote, lile lililoelekea uzio.

"Shangazi, si hicho ni cha..."

"Ni alama," alinikatiza. "Kashone vifungo."

Siku mbili baadaye, saa sita mchana, uzio ulitikisika. Ukapenya mkono wenye kisu cha jikoni. Niliinuka, lakini shangazi alinishika nikakaa. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Gauni alilokuwa akishona alikuwa amelitoa punde tu. Hata hivyo aliendelea kukanyaga cherehani, taka-taka-taka, akishona hewa.

"Nikinyamaza atashtuka," aliniambia kwa sauti ya chini. "Atachomoka mbio kisu kikiwa katikati ya tawi, auchane mti wangu."

"Lakini ndiye anayetaka kuumwagia zege."

"Ndiyo maana namsindikiza."

Vuli ikaja, mimea yote ikanenepa. Bwana Saruji naye alikuwa na furaha ya ajabu. Jioni moja aliegemea uzio, akauliza kama anayeuliza hali ya hewa: "Hivi mmea kama ule, mtu akiwa nao, anaumwagilia mara ngapi?"

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mwambie huyo mtu amwagilie akikumbuka. Na asikumbuke sana."

Kisha kiangazi kikatuangukia. Ardhi ikapasuka, mishubiri ikakunja majani na kuwa myekundu, mdagu ukapukutika ukalala. Fundi mwashi akaja na futi yake, akapima, akapigilia vigingi sita, kimoja hatua moja tu kutoka kwenye mdagu. Lori likamwaga mchanga. Siku tatu mfululizo shangazi alisema hana njaa. Mimi nilianza kuwaza kwamba mpango wake, kama alikuwa nao, ulikuwa wa kijinga.

Asubuhi ya kumwaga zege, mwashi hakuonekana. Alikuja Bwana Saruji mwenyewe, amebeba mfuko.

"Nina ndugu yangu," alianza, "alinunua mmea sokoni. Nikasema, kwa vile wewe fundi unaelewaelewa..."

Shangazi aliutoa mfukoni. Chungu kilikuwa kipya, cha kung'aa. Mmea haukuwa na jani hata moja, na chini shina lilikuwa laini, jeusi, kama ndizi iliyosahaulika.

"Ndugu yako ameuzamisha."

"Asubuhi na jioni tu. Majani yalianguka, akadhani una kiu. Jua likiwa kali alikuwa anaufunika na mwavuli."

"Ulikuwa umelala, mzee. Ndugu yako akilala, ukimwagia ndoo asubuhi na jioni, ataamka akiwa mzima?"

Shangazi alikuwa amekizungusha chungu, na pale kwenye tawi kikaonekana kipande cha kitambaa cha kahawia chenye mistari myembamba.

"Na huyu ndugu yako," aliuliza taratibu, "kiuno chake kinalingana na chako?"

Bwana Saruji alitazama kitambaa. Kisha akaitazama suruali aliyoivaa. Mimi nilitafuta kifungo ambacho hakikuwa kimepotea.

"Utapona?" aliuliza hatimaye, na safari hii ndugu hakutajwa.

Shangazi alichukua kisu, akakata sehemu iliyooza, akaendelea kukata mpaka akafikia nyama nyeupe. Kilibaki kipande kifupi kama kidole gumba. "Hiki kikae kivulini siku saba, kidonda kikauke, ndipo ukipande kwenye mchanga. Siahidi kitu. Kikifa, utahitaji tawi jingine, na mama yake ni yule pale." Alinyoosha kisu kuelekea kigingi. "Akishakuwa chini ya zege, mimi sina la kukusaidia."

Bwana Saruji alikitazama kigingi. Akatoka, akaking'oa. Aling'oa na cha pili, na vingine vyote, akarudi navyo kwapani.

"Mwashi atengeneze njia tu," alisema. "Kutoka getini mpaka mlangoni."

"Upana gani?"

"Wa mtu mmoja."

"Mtu wa kiuno kipi?"

Nadhani alicheka, ingawa alifanya haraka kukohoa. Alikifunga kipande chake ndani ya gazeti, akafika mlangoni, akageuka. "Na ule mshubiri wa pembeni, wenye vitoto. Ungenipa kimoja?"

"Mimi sigawi miche, mzee."

Shangazi alirudi kwenye kiti chake. Aliitoa blauzi chini ya sindano, akaikunja vizuri, akaiweka pembeni. Akageuza uso ukutani na kuanza kukanyaga, taka-taka-taka. Bwana Saruji alisimama mlangoni akimwangalia, kisha akaniangalia mimi. Niliinamia vifungo vyangu.

Baada ya muda, nje, sufuria ikagonga jiwe.