Saa za Bujumbura Ofisini kwa Mama Zawadi

Hadi leo nikipita karibu na maboti yanayokwenda vijiji vya kusini huvuta kofia usoni, na sababu afadhali niwaambie mwenyewe, maana nusu ya mji inaijua.

Binamu yangu Mama Zawadi ana boti, na ana kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mfanyabiashara wa Bujumbura, ambayo huwatumia abiria ujumbe saa moja kabla ya safari, ili watu wa Ujiji wasitoke nyumbani mapema wakaungua jua bure. Aliniomba niisafishe tu, lakini mimi, niliyesomea mambo haya chuo kikuu miaka ile, nikachukizwa na shell yake (ile programu inayopokea amri), kwa kuwa ilikuwa ya kizamani na ilikataa kila nilichoandika, nikaamua kumwekea niliyoizoea na kuhamishia huko vigeu vyote, yaani majina yanayobeba maelezo ambayo programu nyingine huyasoma: faili la abiria, namba ya kutumia ujumbe, na saa za Tanzania, kwani kompyuta yenyewe bado ilifuata za Burundi, nyuma kwa saa nzima. Katika shell yangu, kigeu usichokiamuru kitoke hubaki humo humo, programu nyingine hazikioni. Vyote niliviamuru vitoke, isipokuwa cha saa, nilichokiandika mwisho huku nikijisifu. Nikaiuliza shell, ikanionyesha kipo. Nikafunga kazi.

Kesho yake safari ilikuwa saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu botini walikuwa watu sita.

"Mbona hawaji?" Mama Zawadi aliuliza, akiizunguka meza ya ofisi yake pale ufukweni.

"Watu wa Ujiji hao, unawajua," nikajibu (mimi mwenyewe mzaliwa wa Ujiji).

Saa nne kamili, ambayo kwa kompyuta ilikuwa bado saa tatu ya Burundi, simu za wale sita zikalia pamoja: boti itaondoka baada ya saa moja. Nahodha akalitazama ziwa, lililoanza kuvimba kwa upepo, kisha akanitazama mimi. Sikukalika. Nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Aliyesubiriwa zaidi ni Bi Mwajuma, somo anayemfunda bibi harusi wa siku ile huko kusini. Bila yeye binti hatolewi ndani.

Akaja na bodaboda, mkoba kifuani, mawimbi yakiwa yameshakuwa makubwa.

"Leo hatutoki," nahodha alisema.

"Shikamoo, Bi Mwajuma," nikaanza.

"Marahaba. Ndiye wewe msomi?"

"Ndiye huyo," Mama Zawadi akamjibu kabla sijafungua mdomo.

"Basi kaa chini. Mwari wangu yuko mbali, leo nitakufunda wewe."

Na akanifunda, mbele ya abiria wote, hadi alasiri: usiguse usichotumwa, usijibu kabla hujaangalia, usisingizie watu uvivu. Abiria waliitikia kila kipengele. Binti alikaa ndani siku nzima zaidi, hina imeshakauka, akatolewa kesho yake ziwa lilipotulia. Nilimpigia kuomba radhi, akapokea shangazi yake, akakata.

Nimeapa sitahamisha tena kigeu cha mtu bila kuiuliza programu inayokitumia kama inakiona. Shell itakwambia kipo, na wewe utaiamini.