Taa ya Wifi

Jumatatu asubuhi Dada Mkubwa alifungua mlango wa chumba cha kungojea, akakuta tangi la samaki linawaka kama duka la simu. Hata mkoba hakuuweka chini. Alilikimbilia moja kwa moja.

Kliniki ya meno ni ya mdogo wake wa kiume, daktari. Yeye huchemsha koleo, huwakemea wanaochelewa, na ni mwaka wa tisa sasa analitunza tangi. Anafuga matumbawe laini, yale yanayonepanepa majini, na kwao ni kivulini. Lile kubwa la katikati alilianza na kipande cha ukubwa wa ukucha. Taa yake hakuichagua kwa pupa: alitaka dhaifu, yenye buluu nyingi na kitufe cha kupunguza mwanga. Akaining'iniza juu, akaanza na mwanga hafifu, akiongeza kidogo kidogo kila wiki huku anayatazama. Wagonjwa waliofika wakitetemeka walikuwa wakikaa pale mbele na kusahau jino.

Sasa taa hiyo ilikuwa kwenye pipa la taka.

Wifi yake, mke wa daktari, alikuwa amepewa meza ya mapokezi mwezi uliopita. Kuna watu ukiwapa meza wanadhani umewapa na akili.

"Umeona, wifi? Nimefunga taa mpya tangu Jumamosi. Watu walikuwa wanadhani tumekatiwa umeme!"

"Nani kakwambia uguse?"

"Jamani, si mwanga tu? Kila chenye uhai kinapenda mwanga."

"Hebu tazama! Yote yamejikunja. Lile kubwa limeshaanza kuwa jeupe."

"Yamenuna tu, yatazoea. Kwani wewe si unanuna, halafu unazoea?"

Wagonjwa wawili waliangua kicheko. Hapo ndipo wifi alipomtibua Dada Mkubwa kabisa.

Daktari alichungulia mlangoni, glavu mkononi. "Mtaelewana tu," alisema, kama kawaida yake. Mwanamume huyu hung'oa magego bila kupepesa macho, lakini kati ya dada na mke hana kauli.

Dada Mkubwa alimshika wifi yake mkono, akamwingiza chumba cha matibabu, akamlaza kwenye kiti. Akaivuta taa ya kumulikia kinywa, akaiwasha na kumwelekezea machoni.

"Fungua macho."

"Wifi, toa bwana! Inaumiza!"

"Umenuna? Si utazoea?"

Wifi alijikinga kwa viganja, machozi yakimtoka.

"Wewe una mikono," Dada Mkubwa alisema. "Yao iko wapi? Siku mbili yamekaa chini ya lile jitaa lako, na hakuna aliyeyasikia yakisema inaumiza."

Hakuna aliyecheka tena. Daktari mwenyewe ndiye aliyepanda kiti kuifungua ile taa mpya, na ile ya zamani ikafutwa na kurudishwa mahali pake.

Baada ya wiki moja matumbawe madogo yalianza kufunguka. Lile kubwa halikufunguka. Liliendelea kuyeyuka na kunuka, mpaka Alhamisi moja Dada Mkubwa akakunja mikono ya blauzi, akalitoa vipande vipande na kuvitia kwenye ndoo. Miaka tisa haikujaza hata nusu.

Wifi yake alisimama kando. "Nisamehe, wifi. Mimi nilitaka papendeze."

Dada Mkubwa alimsukumia ndoo.

"Kamwage wewe."