Kitambaa cha Piano ya Shangazi Damari

Mwezi wa sita Mbeya si wa kuchezea. Mwaka huu baridi ilipoingia nilifungua sanduku la mablanketi, na kabla sijagusa hata moja ile harufu ikanipanda puani: vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Wengine wakiisikia harufu hiyo hukumbuka koti la babu, au nguo za Krismasi zilizofungiwa kabatini mwaka mzima. Mimi hukumbuka piano. Najua hamtaniamini hivihivi, kwa hiyo vuteni viti niwaeleze.

Nilikuwa na miaka tisa baba alipofariki. Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Chimala, na alizikwa hukohuko Chimala, jambo ambalo dada yake, Shangazi Damari, hakulikubali moyoni. Yeye alitaka kaka yake arudishwe Iringa akalale na wazee wake. Wakubwa walikaa, wakaongea, upande wa mama ukashinda, shangazi akanyamaza. Maziko yalipokwisha alinishika mkono tukapanda basi kwenda kwake Mlandege, mjini Iringa. Mama alinifunga vifungo vyote vya sweta mpaka shingoni, akasema naenda kwa muda tu. Matanga yakianuliwa atakuja kunichukua. Sikujua matanga ni kitu gani hasa. Nilichoelewa ni kwamba kuna kitu kimetandikwa mahali, na siku kikiondolewa nitarudi kwetu.

Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto, mwalimu wa kwaya usharikani, mrefu na mkavu, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jikoni. Maneno aliyatoa kwa kipimo. Nyumba yake ilikuwa safi kupita kiasi, na kimya. Mimi nilikulia kwenye mngurumo wa mashine. Kwetu vikombe vilitetemeka mezani tangu asubuhi, na mtu akitaka chumvi aliiomba kwa kupiga kelele. Kule Mlandege nilisikia saa ya ukutani, ndala za shangazi, na upepo wa Iringa ukisukuma bati. Msiniulize upweke una sauti gani. Kwangu mimi ni hizo tatu.

Piano ilikaa sebuleni, imeupa ukuta mgongo. Majirani waliiita kinanda, na shangazi aliwasahihisha mpaka akachoka. Marehemu mume wake aliinunua kwa shule moja ya wasichana iliyokuwa inaondoa vitu vyake vya zamani, akaileta kwa mkokoteni, na inasemekana alitukanwa njia nzima na vijana waliokuwa wakiusukuma mlimani. Chini ya vibao vyake, upande wa kushoto, kulikuwa na kishikio kidogo cha shaba ambacho mgeni asingekiona. Ukikivuta kwako na kukilaza kwenye pengo lake, ndani ya piano kilishuka kitambaa kirefu cha sufu, kizito kama blanketi la bweni, kikakaa kati ya nyundo na nyuzi. Hapo nyundo zilipiga kitambaa kwanza, na nyuzi zikapata kilichobaki. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayetembea na soksi chumba cha pili. Ukikirudisha kishikio, kitambaa kinapanda na piano inarudia sauti yake. Hilo nililijua kwa kuambiwa tu, maana tangu nifike kishikio kilikuwa kimelazwa.

Alikilaza mwenyewe siku habari za kaka yake zilipomfikia. Redio nayo aliivika khanga akaifungia kabatini. Ndivyo tulivyo huku kwetu; nyumba yenye msiba haitoi muziki, na jirani akisikia wimbo dirishani atasimama njiani kuuliza kama marehemu amesahaulika mapema hivyo. Kwa mwalimu wa kwaya hiyo ingekuwa aibu mara mbili. Lakini pia hakuvumilia kuona mtoto wa kaka yake ameketi ukutani siku nzima akihesabu vigae. Basi jioni moja aliniita, akaniweka kwenye benchi, akanionyesha mahali pa kuweka kidole gumba.

"Utajifunza," alisema, "ila kitambaa kikae chini. Bado tuna matanga."

Kwa hiyo nilijifunza piano isiyosikika. Nilipiga kila jioni baada ya shule, na hata mimi mwenyewe niliinama kuisikia. Kile kitambaa kilikuwa roho ya shangazi. Aliogopa nondo wasikile, akamwaga vidonge vyeupe ndani ya piano kama mtu anayepanda mahindi, na harufu ikahamia kwenye sweta langu, nywele zangu, mpaka madaftari. Shuleni wakanipa jina la Kabati. Nilipomweleza shangazi kwamba naitwa Kabati, alifikiri kidogo, akasema kabati ni kitu cha maana, lina vyumba. Sijui kama alitania. Mpaka leo sijui.

Nilijiwekea mpango wangu, nao nilimficha kila mtu. Kulikuwa na wimbo mmoja wa kitabu cha nyimbo za kanisani ambao baba aliupenda. Aliuimba kwenye mashine, akishindana nayo, na mara zote mashine ilishinda. Nikaamua kuujifunza wote, mkono wa kulia na wa kushoto. Siku mama atakapokuja kunichukua, kitambaa kitapandishwa, nami nitampigia kwa sauti kamili mbele ya watu. Ndipo ataona kwamba sikukaa bure, na ndipo tutaondoka. Kila siku niliporudi shuleni kitu cha kwanza kilikuwa kuangalia kishikio. Kikiwa kimelazwa, nilijua mama hajaja.

Kitu kimoja kiliniuma. Jiko la shangazi lilikuwa nje, ng'ambo ya ua, na huko ndiko ziliko kazi zake zote. Lakini nilipoanza tu kupiga alikuja na kigoda chake, akakiweka kwenye kizingiti cha mlango wa sebule, akakaa pale na ungo wa mchele mapajani. Mama alituletea mchele wa Chimala kwa makonda wa mabasi, mzuri lakini wenye mawe, na shangazi aliuchambua punje kwa punje bila kuniangalia. Hakusahihisha, hakusifu. Nikimaliza, anabeba kigoda na ungo, anarudi jikoni. Mimi nilijua maana yake: ananichunga. Haniamini. Anaogopa nikibaki peke yangu nitakiinua kitambaa nimwaibishe mtaani. Nilichukia ule ungo kuliko kitu chochote katika nyumba ile.

Mpunga ulivunwa, ukavunwa tena. Jumamosi moja tulikwenda stendi kupokea gunia kama kawaida, na konda, kijana wa Chimala aliyemfahamu mama, akatoa salamu zake zote huku akitafuna muwa. Mama hajambo. Mama sasa anapeleka mchele mpaka Tunduma, nyumbani anapita tu. Matanga yalishaanuliwa, watu walikula vizuri, walichinja. Mama amesema mtoto abaki asome, Iringa kuna shule nzuri. Aliyasema kwa moyo mweupe kabisa, akatubebea gunia mpaka kwenye mkokoteni.

Tulipofika nyumbani nilisimama mbele ya piano, nikamuuliza shangazi kama sasa tutakipandisha, maana matanga yameanuliwa.

Aliivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Ya Chimala yameanuliwa," alisema. "Haya yangu bado."

Akaenda jikoni. Nilikaa kwenye benchi na sweta langu linalonuka, nikiwa mtoto ambaye mama yake haji. Sikulia. Nilihisi tu kwamba naweza kupiga wimbo ule mpaka vidole vikatike, na hakuna mtu duniani atakayeusikia.

Jioni alipokuja na kigoda chake, akakaa, akaanza kuchambua, nilinyoosha mkono nikakishika kishikio na kukirudisha juu mbele ya macho yake. Kisha nikapiga. Jamani, ile sauti. Ilitoka kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Nusu ya nyuzi zilikuwa zimelegea bila sisi kujua, glasi zikalia kabatini, na wimbo wa baba ukasikika nyumba nzima, uani, pengine mpaka barabarani, mbaya na mkubwa. Sikuacha. Nilingoja anikemee, na nadhani nilitaka anikemee.

Hakunikemea. Alisikiliza kidogo, akasema, "Haya." Akainuka, akabeba kigoda na ungo, akaenda zake jikoni.

Niliupiga ubeti mmoja nikiwa peke yangu na mlango mtupu. Nimewahi kuachwa na watu baada ya hapo, watu wazima kwa watu wazima, lakini sijawahi kuachwa kama jioni ile. Nikakivuta kishikio nikakilaza mahali pake. Nikaanza tena taratibu, sauti ya soksi. Haukupita muda, nikasikia ndala uani, na kigoda kikatua kizingitini. Nikajisemea kwa uchungu: kumbe ni kitambaa tu anachokijali. Kikiwa juu hana haja na mimi. Kikiwa chini anarudi kukilinda.

Sikukigusa tena. Nilikaa kwake mpaka nikamaliza kidato cha nne, na miaka yote hiyo nilipiga kitambaa kikiwa chini, naye akikaa mlangoni. Mama alikuja Krismasi moja, amenenepa, amependeza, na mabegi ya zawadi. Nilimpigia wimbo wa baba wote, mkono wa kulia na wa kushoto. Alikuwa kwenye kochi la mbali akisimulia habari za Tunduma, na masikio yake yalikuwa ya mtu aliyeishi na mashine. Nilipomaliza aliniuliza nitaanza lini. Tulicheka sote, hata mimi nilicheka. Shangazi peke yake hakucheka; alikuwa mlangoni, ameinamia ungo wake.

Shangazi aliaga dunia nikiwa tayari nina kazi na nyumba hapa Mbeya. Ukoo ulisema piano ni yangu, ikaja kwa lori, imefunikwa turubai, na kishikio kimelazwa. Kama aliwahi kuanua matanga yake, hakuniambia. Fundi aliyekuja kukaza nyuzi aliniuliza kama akitoe kile kitambaa, kimechakaa, hakina kazi. Nikamwambia akiache. Nilidhani nakiacha kwa kumbukumbu tu.

Sasa nirudi kwenye hilo sanduku la mablanketi. Nililifungua kwa sababu nyumba ya pili walipata msiba, na kwa baridi hii wanaolala matangani wanahitaji cha kujifunika. Niliporudi kutoka kuyapeleka nilimkuta binti yangu Tumsifu, mwenye miaka tisa, amekaa kwenye piano, mazoezi ya jioni. Nikanyoosha mkono bila hata kufikiri, nikakivuta kishikio. Nikamwambia majirani wana msiba, piga hivyohivyo. Akapiga kidogo, akakunja uso, akaendelea. Mimi nikaenda jikoni kuandaa chakula.

Nilipofika jikoni sikusikia kitu. Nikadhani ameacha. Nikarudi, nikamkuta anapiga, kichwa amekiinamisha kama nilivyokuwa nikikiinamisha mimi. Nikaenda tena jikoni, kimya. Nikatega sikio, nikazima jiko, nikafungua mlango, bado kimya. Nikaanza kurudi polepole nikisikiliza. Koridoni, hakuna. Katikati ya korido, hakuna. Nilipoweka mguu kwenye kizingiti cha sebule, wimbo ukaanza. Nikarudisha mguu, ukapotea. Nikasimama pale nikiweka na kuondoa mguu kama mtu aliyechanganyikiwa, na hapo nilimwona shangazi na kofia yake, anavuka ua kwenye ule upepo wa Iringa, kigoda mkono mmoja na ungo mkono mwingine, kila jioni, miaka yote ile. Na jioni ile moja nilipokiinua kitambaa, aliondoka kwa sababu hata jikoni angenisikia. Nilipokishusha, alirudi kwa sababu asingenisikia. Mimi nilidhani nyumba nzima haina sikio, na sikio lilikuwa hatua chache nyuma ya mgongo wangu, linachambua mchele.

Nililia kidogo, sina sababu ya kuwaficha. Kisha nikaenda kuchukua kiti na sinia la mchele, nikarudi nikakaa kizingitini. Mchele wa siku hizi hauna mawe. Niliuchambua hivyohivyo.

Tumsifu aliacha kupiga, akageuka akaniangalia mimi, akaliangalia sinia, akaangalia kishikio.

"Mama, mbona unanichunga? Sijakigusa."

"Piga, mwanangu," nikamwambia. "Nimekuja hapa kwa sababu kule jikoni sikusikii."