Waya wa Bei ya Maksai

Waya ule ninao hadi leo. Una urefu wa mita kumi, ni mnene kama kidole changu cha shahada, na umefunikwa kwa nyuzi za kijivu zilizosukwa kwa mkono wa mtu aliyejua kusuka. Umo katika sanduku langu la bati, chini ya kitenge cheusi nilichovaa siku ya mazishi. Mume wangu aliununua Mwanza siku ya Jumatatu, tarehe 13 Juni 2022, kwa bei ya maksai mmoja. Maksai huyo hakuwa wa ziada. Alikuwa mmoja wa wawili waliovuta plau letu.

Mume wangu alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, katika kikundi cha ngoma ya majembe hapa pembezoni mwa Bariadi. Kwa asiyefahamu, niseme kwamba ngoma kwetu ni mashindano. Vikundi viwili huanza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kimoja mwisho huu na kingine mwisho ule, na mwamuzi hayupo. Watazamaji huamua kwa miguu yao: wanakokwenda wengi, ndiko kwenye ushindi. Zamani kila ningi alikuwa na mganga wake wa dawa ya kuvuta watu. Mume wangu, tangu alipobatizwa, hakukanyaga tena kwa mganga. Yeye alikuwa na amplifaya, jenereta na spika mbili zilizomfika mtu kifuani.

Muuzaji wa Mwanza alimwambia kwamba waya wa kawaida, ule mwekundu na mweusi unaouzwa kwa mita, humeza sauti njiani, na kwamba huu wa kijivu huifikisha yote. Sasa nadhani mume wangu alikuwa amepata mahali pa kuiweka ile imani aliyoiondoa kwa mganga. Wakati ule niliona jambo moja tu, ng'ombe aliyebaki peke yake zizini.

Inanipasa nieleze pia nilivyokuwa mimi. Nilianza masomo ya sekondari nikiwa na miaka thelathini na tisa, katika madarasa ya jioni ya watu wazima, nikiketi dawati moja na wasichana wa umri wa binti zangu. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba 2021, na Januari 2022 nikaona kwa macho yangu kwamba nimefaulu, fizikia ikiwemo. Wapo waliokuwa wamecheka. Kwa hiyo waya ule uliingia katika nyumba ya mwanamke ambaye alikuwa na miezi mitano tu tangu athibitishwe kwamba anajua.

“Mama watoto, njoo usikie,” aliniita jioni ile ile aliporudi nao kutoka Mwanza. “Besi inavyokaa. Unaisikia?”

“Nasikia besi.”

“Si besi tu. Imetakata.”

“Baba, shaba ni shaba. Kwa umbali wa hapa na pale, ukinzani wa waya huu na wa ule hautofautiani kwa kiasi ambacho sikio la mtu linaweza kukikamata.”

“Ukinzani!” Alicheka, akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa akipiga ngoma katika kikundi. “Umesikia? Nilioa mke, nimeamka na mwalimu.”

Kama ningaliishia hapo, ingekuwa mizaha ya nyumbani. Sikuishia hapo. Jumapili ya tarehe 3 Julai, baada ya ibada, nilimkalisha mume wangu kwenye kigoda katikati ya uwanja wetu, akizipa spika mgongo. Shemeji yangu alikaa nyuma, kazi yake ikiwa kubadilisha waya. Mimi nilishika daftari. Tulipiga wimbo wa mume wangu mwenyewe, uliokuwa umerekodiwa kwenye flashi, mara kumi, na kila mara alipaswa kusema ni waya upi. Wachezaji walipita kutusalimu, wakabaki.

“Wa kijivu!” alisema mara ya kwanza, kwa furaha, kama mtu anayemtambua ndugu yake kwa kikohozi. Ulikuwa mwekundu.

Mara nne za mwisho nilimkonyeza shemeji asiguse kitu. Waya ulibaki ule ule, na mume wangu akasikia ukibadilika mara mbili. Nilipomaliza nilisimama nikasoma matokeo kwa sauti, moja baada ya jingine, kama yanavyosomwa ya shule. Nikayaeleza na yale makonyezo.

“Ningi,” mchezaji mmoja alisema, “kumbe maksai umemla kwa masikio!”

Uwanja mzima ulicheka. Mume wangu naye alicheka, ila alianza baada ya wengine na akamaliza kabla yao. Shemeji yangu alikuwa akikunja waya bila kuniangalia.

“Shemeji,” alisema kwa sauti ya chini, “hili ungemwambia ndani.”

Nilimjibu kwamba ukweli hauna ndani wala nje. Nilidhani nimesema jambo la maana.

Shindano kubwa la msimu lilikuwa Jumamosi ya tarehe 9 Julai, katika uwanja mmoja huko Nassa, dhidi ya kikundi ambacho mume wangu alikuwa hajawahi kukishinda. Alikuwa na miaka hamsini na sita na magoti yake yalikuwa yameanza kukataa. Alijua, na mimi nilijua, kwamba akishindwa safari hiyo hatapata nyingine. Ijumaa alasiri alikuwa akipanga vyombo, na waya wa kijivu ulikuwa mkononi mwake.

“Wewe mwenyewe,” aliniuliza, “ukiviacha vitabu pembeni. Husikii tofauti? Hata kidogo?”

Sasa naelewa kwamba hakuwa ananiuliza habari ya waya.

“Sisikii,” nilisema.

Aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mdogo wake alimsihi, “Kaka, tuuchukue tu, una uzito gani?” Akajibu kwamba shaba ni shaba, wakaondoka na ule mwekundu na mweusi.

Nami nilikwenda Nassa. Alianza vizuri. Vumbi lilipanda, majembe yalirushwa yakadakwa, na watu walijaa upande wetu. Lakini kila alipomaliza ubeti alikuwa akigeuka kuzitazama spika, kama mchungaji anayegeuka kuona kama ndama anafuata. Ningi hageuki nyuma. Kufikia wimbo wa tatu watu walianza kuondoka, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa familia, wakikata uwanja kuelekea ng'ambo. Mwisho tulibaki sisi wake wa wachezaji na mwanamke mmoja muuza karanga, ambaye naye alikuwa akijitwisha beseni lake.

Nilijiambia kwamba wenzetu walikuwa na vijana zaidi, na kwamba upepo ulikuwa upande wao. Yote mawili yalikuwa kweli. Mume wangu hakunilaumu hata siku moja. Alimkabidhi mdogo wake maiki, na hakuimba tena, hata shambani. Januari aliugua figo, na Jumanne ya tarehe 21 Februari 2023 alifariki. Sikumwomba msamaha. Niliona kwamba aliye sahihi hana la kuombea msamaha, na siku zikapita hivyo hivyo hadi zikaisha.

Jumanne ya tarehe 17 Oktoba mwaka ule ule, asubuhi, ningi wa wale wapinzani alifika kwangu kwa pikipiki.

“Mwangaluka, mayu,” alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama kwa heshima, kofia mkononi. Alitoa pole, akanywa maji, kisha akauliza kama ule waya wa marehemu bado upo.

“Upo.”

“Nitakupa maksai. Anajua plau, hahitaji kufundishwa.”

Mvua za kwanza zilikuwa karibu. Shemeji yangu alikuwa amehamia Lamadi kwenye biashara ya samaki, na zizini kwangu alikuwepo yule yule mmoja asiye na mwenzake. Hata hivyo nilisema, “Waya ule haufanyi kitu.”

Alicheka. “Mayu, usinifiche. Habari zake zilitufikia tangu mwezi wa sita. Wachezaji wangu wawili walitaka kukimbia, na mimi mwenyewe chakula kilikuwa hakipiti. Tulipofika uwanjani nilimtuma mtu akachungulie nyuma ya spika zenu. Akarudi akasema, ni mwekundu na mweusi. Nikawaambia wenzangu, leo tumeshamla.”

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Nililileta daftari. Nilimwonyesha zile mara kumi, nikamweleza kigoda, mgongo na makonyezo. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

“Nitaongeza na mtamba,” alisema.

Kila neno la kweli nililotoa lilikuwa likipandisha bei. Nilimwambia hauuzwi. Kuchukua ng'ombe kwa kitu nilichokitangaza mbele ya watu kwamba ni bure, nilishindwa. Aliondoka akiamini kwamba nimeficha jambo kubwa, na Novemba ile nililima kwa jembe la mkono, sehemu ndogo tu ya shamba.

Ndugu wenye redio nzuri mjini huniuliza kama nyaya za namna ile zina thamani ya fedha zake. Huwajibu kama nilivyofundishwa: waya usiwe mwembamba mno, uungwe vizuri, na fedha iliyobaki inunue spika bora. Jibu hilo silibadilishi.

Mwezi uliopita niliutoa sandukuni. Niliufunga kwenye spika moja, ule mwekundu na mweusi kwenye nyingine, nikaweka flashi ya mume wangu, nikakaa kwenye kigoda nikizipa mgongo. Alianza kuimba. Nilijua upi uko kulia na upi kushoto, kwa sababu nyaya nilizifunga mwenyewe. Jaribio lile linahitaji watu wawili, mmoja wa kubadilisha na mmoja wa kusikiliza. Niliuacha wimbo ukaisha, nikazima jenereta.